Kofia ya Babu Iko kwa Bi. Eufrazia

Bi. Eufrazia Ngonyani, mteknolojia msaidizi wa maabara katika Kituo cha Afya na Utafiti Mnazi Pacha, Temeke, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, yote hapahapa, jengo lilelile, mlango uleule wa bluu. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika miaka yote hiyo ni watu wanne tu waliozimia kwa sindano yake, na watatu kati yao walikuwa wanaume wenye misuli.

Wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Kamati ya sherehe ilimwomba Dk. Praygod, anayeendesha mashine ya utafiti, naye akaandika ukurasa mmoja safi kabisa. Bi. Eufrazia aliusoma, akaukunja mara mbili, akasema, "Daktari, hii ni ripoti ya mochwari. Mimi bado napumua." Kisha akaiambia kamati, "Mpeni Rosalia aandike. Yule mtoto ana la kusema, ila anaona haya."

Rosalia ndiye mimi. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tano, na mchango wangu kituoni hapa ni kipeperushi kimoja, ambacho nitakieleza mbele. Ni kweli ninaona haya. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, na aibu yangu inazielewa lugha zote mbili. Kwa hiyo nikikwama mahali, mnisamehe. Nimeomba ruhusa kwa wote ninaowataja, isipokuwa Mama, na mbele mtaona kwa nini. Babu yangu naye amekubali, kwa sharti moja: niandike kwamba ujanani alikuwa mtanashati. Nimeandika.

Bi. Eufrazia alianza kazi Januari 1990 kama mwosha chupa. Alikuja Dar kutoka Songea na sanduku la bati na cheti cha darasa la saba. Anasema wakati ule sindano zilikuwa za kioo, zikichemshwa kwenye sufuria kama viazi, na darubini ya kituo haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kunasia mwanga wa jua. Siku ya mawingu, wagonjwa walikaa kwenye benchi wakisubiri jua litoke ndipo wajue kama wana malaria. Mwosha chupa ndiye aliyegundua kwamba darubini ikipelekwa kwenye dirisha la choo cha wahudumu, jua linapatikana nusu saa zaidi. Mganga mkuu aliona ni fedheha kupimia malaria chooni, lakini darubini ilihamia huko. Mwaka uliofuata mwosha chupa akapelekwa chuo.

Aliporudi na cheti chake alirudi pia na swali ambalo kila mtu wa Temeke aliyewahi kukaa kwenye kiti chake analijua: "Jana usiku ulikula nini?"

Swali hilo halikuwa la kitabibu. Lilikuwa la kukupoteza mawazo. Unaanza kueleza ugali, dagaa, kachumbari kidogo, na kabla hujafika kwenye chai unashtukia pamba imeshabanwa na sindano imetoka. Lakini Bi. Eufrazia ni mtu asiyependa kutupa kitu, kwa hiyo majibu ya watu akawa anayaandika kwenye kauntabuku, kwa kujifurahisha tu. Jina, tarehe, mlo, dawa mtu anazokunywa, na mara nyingine maoni yake: "Maharage tena!" Anazo kauntabuku kumi na tisa. Wenzake walimcheka kwa miaka zaidi ya ishirini.

Waliacha kumcheka mwaka 2022, utafiti wa tezi dume ulipoanza hapa kituoni.

Nitaueleza utafiti huo kama alivyonieleza yeye, kwa sababu maelezo ya Kiingereza niliyasoma mara tatu nikabaki na jina langu tu. Tezi dume ni kiungo kidogo cha wanaume, kipo chini ya kibofu. Umri ukienda, kinavimba, na wakati mwingine kinapata saratani. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Kikipanda, huenda ni saratani, huenda ni uvimbe wa kawaida wa uzee, huenda ni uambukizi, na chenyewe hakikwambii ni kipi. Kwa hiyo wanaume wengi wanapelekwa kunyofolewa kinyama kidogo cha tezi kwa sindano ili kikapimwe, wengine bila sababu. Na wale wenye sababu, wakisikia habari ya sindano hiyo, wanakimbia.

Utafiti unatafuta njia ya kuwajua mapema wanaohitaji kweli. Bi. Eufrazia anasema mwili ni jiko. Huwezi kupika usiache maganda, na mtu akipekua pipa la taka la jikoni kwako atajua ulichopika hata kama sufuria umeosha. Mkojo na damu ndiyo pipa hilo. Mashine inasoma mamia ya vitu vidogo vidogo vilivyomo, kimojawapo ni asidi ileile ya kwenye limau, ambayo tezi dume yenye afya hujiwekea kwa wingi na saratani ikiingia hupungua. Kitu kimoja hakitoshi kusema lolote. Inatazamwa sura ya vyote kwa pamoja, kama unavyomtambua mtu kwa uso mzima na siyo kwa pua. Bado ni utafiti, siyo kipimo utakachoenda kukidai dirishani kesho. Hilo amenisisitizia niliandike.

Miezi ya mwanzo, mashine ilionyesha alama ngeni kwa wazee tisa, wote wa upande mmoja wa Tandika. Dk. Praygod alitembea juujuu wiki nzima akidhani amegundua jambo. Bi. Eufrazia akafungua kauntabuku. Wazee wote tisa wanakunywa kahawa ya tangawizi kwenye kijiwe kimoja, kila siku wakitoka swala ya alfajiri. Waliambiwa waje bila kula, na kweli hawakula. Kahawa nani kasema ni chakula? Dk. Praygod akaomba kauntabuku zote. Tangu siku hiyo "Jana usiku ulikula nini?" ni swali rasmi la utafiti, lina namba yake kwenye fomu.

Sasa nifike kwenye kopo namba 217. Nimeandika aya hii mara sita.

Babu yangu ni Mzee Valerian Kikoti, fundi saa, Mhehe wa Iringa aliyekaa Mtoni tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Watu hawamjui kwa saa, wanamjua kwa kofia: pama ya kahawia ambayo haitoki kichwani isipokuwa kanisani na kitandani. Septemba 2023, akiwa na miaka sabini na mmoja, alikwenda kituoni kwa sababu alikuwa anaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo. PSA yake ikatoka ya katikati, si ya kutisha wala si ya kupuuza. Wakamweleza hatua zinazofuata, wakamwomba pia ajiunge na utafiti. Siku hizo washiriki walikuwa wanapewa kopo la kwenda nalo nyumbani, wajaze mkojo wa kwanza wa asubuhi, walirudishe kwenye kiboksi cha barafu.

Kituo kilimwambia wazi kwamba majibu ya utafiti hayaondoi vipimo vingine. Babu alisikia alichotaka kusikia. Aliamua kwamba mkojo ukionekana safi, habari imeisha, hakuna wa kumnyofoa kinyama. Alikuwa na sababu. Kaka yake, kule Iringa, alinyofolewa kinyama mwezi wa tatu akazikwa mwezi wa sita, na katika ukoo wetu ikawa inajulikana kwamba kisu ndicho kilichomuua.

Kwa mila zetu, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa utani. Mama yangu ni binti yake, hawezi kutaja neno tezi mbele yake hata kwa fimbo, na yeye hawezi kulitaja mbele ya Mama. Lakini mie ni mke mdogo. Mie naweza kuambiwa chochote. Asubuhi ile Mama alishaondoka, nami nilikuwa nimevaa sare ya shule, Babu akanijia na kopo mkononi.

"Mke wangu," akasema, "leo nataka unisaidie kazi ya nyumbani."

"Kazi gani, mume wangu?"

"Nijazie hiki."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, "Babu, si wanataka cha kwako?"

"Nikipeleka changu nitaambiwa naumwa. Nisipopeleka, siumwi. Na nikikaa bila kupeleka, yule Mngoni wa maabara atakuja kunidai. Wewe ni mzima, mke wangu. Nikopeshe uzima kidogo."

Ningeweza kukataa. Nimefikiria sana kwa nini sikukataa, na jibu halinipi sifa: kukataa kulihitaji maneno mengi, na kukubali hakukuhitaji hata moja. Nikaingia chooni na lile kopo. Nikalifunga kwa karatasi ya daftari la hesabu, nikakata sehemu yenye jina langu, nikajiona mwerevu. Babu akalipeleka.

Wiki tatu nyumbani kulikuwa na raha. Babu alipiga mluzi akitengeneza saa. Usiku nilikuwa namsikia anaamka, mara ya nne, mara ya tano, nikawa najifunika shuka kichwani.

Kilichotokea maabara nilihadithiwa baadaye. Dk. Praygod aliitazama sura ya namba 217 kwenye kompyuta akaita watu. "Njooni muone maajabu! Mzee wa miaka sabini na mmoja, mkojo wa mtoto wa shule!"

Wote walicheka isipokuwa Bi. Eufrazia. Alifungua kauntabuku. "Dawa ya presha iko wapi?"

"Dawa gani?"

"Huyu anakunywa dawa ya presha kila siku, nimeandika hapa. Kwenye mashine yako haimo hata chembe. Kilichomo ni panado."

"Labda siku hiyo alisahau, mama."

"Daktari, huyu ni fundi saa. Hasahau saa ya dawa."

Wakatazama vizuri, wakaona na mambo mengine, ya umri na ya jinsia. Mkojo ule haukuwa wa mwanamume kabisa. Bi. Eufrazia akaomba barua ya majibu isitoke, na akaomba aachiwe suala hilo yeye. Sheria za utafiti zilitaka 217 iondolewe tu kwenye hesabu, basi. Kwa upande wa utafiti ingeishia hapo. Lakini PSA ya katikati ilikuwa bado iko palepale kwenye faili, na mwenyewe alikuwa anapiga mluzi Mtoni.

Alikuja nyumbani Jumamosi, saa nne asubuhi, amevaa kitenge na kilemba, hana koti la maabara. Babu alikuwa barazani na saa zake. Kabla hajakaribishwa, akaanza.

"Hodi hapa kwa Mhehe! Mbona mtaa kimya, mbwa wote mmeshawala?"

"Rosalia!" Babu akapiga kelele. "Ingiza kuku ndani! Wangoni wametuvamia!"

"Kuku zako zimekonda, siwezi kuziiba. Nipe kiti."

Kwa asiyejua: Wangoni na Wahehe walipigana zamani, na watu waliopigana vizuri hubaki watani. Mtani ana haki ya kukutukana, kukunyang'anya kitu, hata kufanya mzaha msibani kwako, na huruhusiwi kukasirika. Mimi nilidhani amekuja kusalimia. Nilikuwa jikoni napepeta mchele. Bi. Eufrazia akaomba maji ya kunywa, akaja kuyafuata mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanywa taratibu. Mezani kulikuwa na madaftari yangu, akautazama mwandiko kama anayeulinganisha na ile karatasi ya kopo, akarudisha kikombe. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Tumbo limepona?"

"Tumbo gani, mama?"

"Lile ulilolinywea panado mbili."

Ungo ulinitoka mikononi. Mchele wote chini. Nikaanza kulia na kuongea kwa pamoja, nadhani niliongea maneno mengi kuliko muhula mzima wa shule. Nikamwambia yote, na habari ya kaka yake Babu, na mluzi, na usiku ninavyohesabu. Nikamuuliza kama atamwambia Mama. Nikamuuliza kama nitafungwa.

Yeye alikuwa amechuchumaa anazoa mchele na mimi. "Siri za watu mimi nazifungia kwenye friji," akasema. "Na usilie, una figo nzuri sana, Mungu akutunzie. Dokta kazisifia mbele za watu. Ila mwanangu, majibu yako hayawezi kumtibu babu yako."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika wasifu huu.

Akarudi barazani. Hakumkaripia Babu, hakumtajia kopo. Alisimama mbele yake, akanyoosha mkono, akamvua pama, akaivaa juu ya kilemba chake.

"We Mngoni! Rudisha!"

"Utani huu, Mhehe. Ukiitaka, njoo na kopo. La kwako. La mke wako mdogo ninalo tayari."

Babu akanitazama mlangoni. Mie nikautazama mchele. Saa za mezani zikawa zinasikika. Kichwa cha Babu kina upara unaong'aa, na bila kofia alionekana mdogo, kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Bi. Eufrazia akakaa. Akamuuliza habari za kaka yake: alianza kuumwa lini, alikuwa anatembea, mgongo ulimuuma? Babu akajibu kidogo kidogo. Kumbe kaka yake alikaa miaka miwili akisema ni baridi ya Iringa, na alipofikishwa hospitali alikuwa anabebwa mgongoni, ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa.

"Basi kaka yako hakuuawa na kisu, mzee wangu," akasema, na hiyo "mzee wangu" haikuwa na utani wowote. "Kisu kilichelewa."

Akaaga. Akaenda zake na pama kichwani, hadi barabarani, watu wa mtaa wakimtazama.

Jumapili Babu alienda kanisani na kurudi haraka. Jumatatu walimcheka kijiweni: "Fundi, umepigwa mnada mpaka kofia?" Jua lilimchoma utosi. Nikamkuta jioni ameshika saa ambayo haina tatizo, anaifungua na kuifunga. Akaniuliza, "Mke wangu, ulikuwa unanisikia usiku?" Nikamwambia, "Kila siku, Babu." Jumanne asubuhi alijaza kopo lake.

Alipolifikisha na kunyoosha mkono adai kofia, Bi. Eufrazia akamwambia, "Hii ilikuwa ya kopo. Sasa kofia inasubiri kipimo kinachofuata."

Hivyo ndivyo alivyomvuta hatua kwa hatua. Sura ya mkojo wa kweli haikuwa ya mtoto wa shule. Ilielekea kule ambako Dk. Praygod hakupenda. PSA ikarudiwa, ilikuwa imepanda. Picha ikapigwa. Kinyama kikanyofolewa, Bi. Eufrazia akiwa nje ya mlango na pama mapajani. Ilikuwa saratani. Na ilikuwa bado imo ndani ya tezi, haijatoka. Daktari wa hospitali kubwa alisema mwaka mmoja mbele pengine angesema maneno mengine. Babu akapigwa mionzi wiki karibu nane, na mara nyingi aliyekuwa kando yake kwenye benchi, akimuuliza jana usiku alikula nini, alikuwa Mngoni.

Mama aliambiwa na Babu mwenyewe, ugonjwa ulipothibitishwa. Habari ya kopo hakuambiwa. Ataisoma hapa. Mama, shikamoo.

Jambo hilo halikuishia kwetu. Bi. Eufrazia aliona kwamba fundi saa mmoja hawezi kuwa mwerevu peke yake. Akazipitia fomu zote na kauntabuku zake, mstari kwa mstari, akizilinganisha na mashine. Kati ya makopo mia tatu na arobaini, kumi na moja hayakuwa ya wenyewe. Wengine walijaziwa na wake zao, mmoja na jirani aliyelipwa soda. Makopo hayo ndiyo yaliyokuwa yanaichanganya hesabu ya utafiti mwaka mzima, na Dk. Praygod anakiri kwamba bila kauntabuku angekuwa bado anatafuta kosa kwenye mashine.

Aliwafuata wote kumi na mmoja. Hakuwauliza kwa nini walidanganya, aliwauliza walikuwa wanaogopa nini. Saba wakamwambia kitu kimoja: wangejazia hapahapa kituoni, ila choo cha wanaume hakina komeo, na mtu mzima hawezi kushika kopo kwa mkono mmoja na mlango kwa mguu. Barua tatu aliandika kuhusu komeo hilo. Ya nne hakuandika. Alikuja na fundi Jumamosi. Leo choo kina komeo, bomba la maji na ndoano ya kutundikia kofia, na hakuna kopo linalokwenda nyumbani. Wageni wa utafiti kutoka nje huonyeshwa mashine kwanza. Bi. Eufrazia huwaonyesha komeo.

Adhabu yangu mimi ilikuwa kile kipeperushi. Alinipa kurasa tisa za Kiingereza za kueleza utafiti kwa washiriki, akasema, "Wewe una lugha mbili na huna pa kuzitumia, hata moja hatukusikii. Fanya babu yako aelewe." Nilipeleka cha kwanza, akakisoma akasema kimevaa tai. Cha pili akasema kimelegeza tai. Cha tatu nilikaa na Babu barazani, nikawa namsomea sentensi moja moja, akishindwa kuelewa nafuta. Ikabaki karatasi moja ya pande mbili, ndiyo ile yenye limau na pipa la jikoni. Mwisho wake pana maneno ambayo Babu aliyadai yawekwe: "Mkojo wa mtu mwingine hautakutibu." Wazee wanayacheka. Kisha wanaingia chooni wanafunga komeo.

Wenzake wana mengi ya kumshukuru ambayo sijayaandika: jinsi anavyojua mishipa ya mikono ya nusu ya Temeke, chai yake ya mchaichai, na jinsi ambavyo hakuwahi kuita mtu kwa namba hata siku benchi lilipojaa hadi uani. Nashukuru kwa niaba yao. Kwa niaba yangu nashukuru kwa sababu sasa usiku nikiamka, nasikia Babu anaamka mara moja, mara mbili, halafu anakoroma.

PSA yake ya mwezi huu iko chini, inatulia. Ataendelea kupimwa kila baada ya miezi sita, na kila akija huanza na maneno yaleyale: "Nimekuja kuchukua kofia yangu." Na hujibiwa, "Kaa kwenye kiti kwanza." Amenunua nyingine, ya kijivu, lakini anasema haimkai.

Bi. Eufrazia anarudi Songea, kwenye shamba la mahindi. Kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi, na kwa mara ya kwanza maishani nilikwenda ofisini kwa mtu bila kuitwa. Nilitaka kumuuliza Babu atakuja kwa nani. Alinipa nisome hati ya makabidhiano anayomwachia Bi. Tupokigwe, anayechukua nafasi yake. Ina mambo ishirini na mbili. Funguo za friji, mbili. Kauntabuku, kumi na tisa na moja ambayo haijajaa. Komeo la akiba, moja. Na namba ya ishirini na mbili, kwa ule mwandiko wake mkubwa wa duara: "Kofia moja ya pama, kahawia, mali ya Mzee V. Kikoti wa Mtoni. Ipo kabati la juu. Ataidai kila miezi sita. Asipewe."

Bi. Tupokigwe ameweka sahihi. Yeye ni Mnyakyusa, hana utani na Wahehe, lakini amesema atajifunza.

Nenda salama, Mama Eufrazia. Mahindi yako yabebe mapacha, kuku wako wasivamiwe na Mhehe yeyote, na kila jioni apatikane mtu wa kukuuliza wewe, jana usiku ulikula nini.